KUTAFUTA UGONJWA WA MOTOKAA NI KAZI, NA ILIPWE



Madereva na mafundi wetu wa Kitengela wanaujua ugonjwa huu. Motokaa ya zamani imesimama kwenye foleni, na injini inatetemeka na kukohoa kama inayotaka kuzima. Ukipita Isinya kwenda Kajiado, inakwenda vizuri bila neno. Ukifika kwa fundi, imepona! Kesho foleni, ugonjwa umerudi.

Dereva mmoja mwanachama wetu alipatwa na jambo hili. Tajiri alimhimiza fundi afanye upesi. Fundi akabadili plagi zote, kisha koili, kisha pampu ya mafuta. Ugonjwa ukabaki palepale. Mwisho ikaonekana ni mpira mdogo wa hewa uliopasuka nyuma ya injini. Tajiri akakata gharama zote katika mshahara wa dereva. Fundi naye akalipwa kufunga vifaa tu. Saa alizotumia kutafuta zikapotea bure.

Sisi twasema hii si haki hata kidogo.

Motokaa ikisimama, injini huvuta hewa kidogo, na hewa inayopenya kwenye ufa huiharibia pumzi. Ikienda mbio huvuta hewa nyingi, na ufa ule haudhuru sana. Tena mpira uliozeeka huweza kufunguka ukipata moto na kujifunga ukipoa. Ugonjwa wa namna hii haukamatwi kwa haraka.

Basi dereva aandike: injini ilikuwa baridi au moto? Mvua ilinyesha? Ulikuwa umetoka kutia mafuta? Taa zilikuwa zinawaka? Karatasi hiyo itamsaidia fundi, nayo ni ushahidi kwamba uliripoti mapema.

Nanyi mafundi, tuseme kweli: kubahatisha ni kosa letu pia. Nyunyizeni maji ya sabuni kidogo juu ya mipira ya hewa injini ikiwaka, mbali na koili na nyaya, wala msitumie petroli. Mlio ukibadilika, hapo pana ufa. Kama kila silinda ina koili yake, zimeni injini, mhamishe koili moja mpaka silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, mwizi amekamatwa. Usipohama, msinunue koili.

Matajiri wengine husema fundi hodari hujua mara moja. Je, daktari hulipwa kwa dawa tu, asilipwe kwa kumpima mgonjwa? Saa moja ya kupima ingaliokoa bei ya plagi, koili na pampu. Faida hiyo ni ya tajiri mwenyewe.

Na juu ya mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Mpira uliopasuka kwa uzee si kosa la makusudi la mtu yeyote.

Kwa hiyo, fundi, patana malipo ya kupima kabla hujafungua boneti. Dereva, ukikatwa mshahara kwa kifaa kilichochakaa, usinyamaze. Lete hati ya mshahara na karatasi yako kwa mwakilishi wa chama. Mmoja akinung'unika peke yake hasikiwi; tukisema pamoja tutasikiwa.