Rukwa Iwe na Daftari Lake la Saratani ya Kichwa na Shingo

Barabara ya Ntendo kwenda Muze huteremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na mwisho wa mteremko msafiri anakuwa katika nchi nyingine kabisa. Sumbawanga mjini iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni huko huwafanya watu waote moto hadi jua lipande. Bonde la Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi, penye joto, mpunga na mbu. Upande wa magharibi mambo ni hayohayo, kwani Kirando, Kipili na Kasanga ziko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa Ufipa kwa karibu kilomita nzima. Kwa mkulima, tofauti hiyo huamua alime mahindi au mpunga. Kwa mtafiti wa saratani ya kichwa na shingo ni jambo zito zaidi, maana ugunduzi mmoja mkubwa sana katika taaluma hiyo ulitokana na kuuliza wagonjwa wanatoka mwinuko gani. Mkoa wa Rukwa una miinuko yote miwili ndani ya mipaka yake na watu zaidi ya milioni moja na nusu wanaoishi humo. Hoja yangu ni kwamba mkoa huu uanze sasa kuweka daftari lake wenyewe la saratani za taya, kinywa, koo na shingo, na kwamba kazi hiyo isisubiri mashine wala jengo.

Ugunduzi huo ulifanyika jirani na kwetu. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho, lakini baada ya muda mfupi akamwona mtoto mwingine mwenye hali ileile. Mwaka 1958 akachapisha taarifa ya watoto 38. Hakuwa na maabara ya maana. Ruzuku yake ya kwanza ilikuwa pauni 25, akaitumia kuchapa vipeperushi vyenye picha na kuvituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza swali moja tu: je, mnauona uvimbe huu? Mwishoni mwa 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaenda kusini kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Walisafiri maili 10,000 hivi kwa wiki kumi na kupita hospitali zaidi ya hamsini. Kila walipofika waliuliza, wakaandika, wakatia alama kwenye ramani. Ramani ikaonyesha kwamba karibu na Ikweta uvimbe huo haupatikani juu ya mita 1,500 hivi, na kwamba kadiri unavyokwenda kusini mpaka huo hushuka. Alexander Haddow, aliyekuwa akiongoza taasisi ya virusi Entebbe, aliitazama ramani hiyo akaona kuwa kinachoweka mpaka ni joto na mvua, na urefu wa mlima ni alama tu ya hayo. Ugonjwa ulikuwa unafuata nchi za mbu.

Yaliyofuata yamo katika vitabu vya tiba duniani kote. Mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt akihutubia London mapema mwaka 1961, kabla ya safari ile, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Hata hivyo karibu kila mtoto wa Afrika hukipata kirusi hicho akiwa mdogo sana, na walio wengi hawaugui saratani. Kilichobaki kuelezwa ni malaria, ambayo ikimrudia mtoto mara kwa mara huzichokoza seli fulani za kinga hadi moja ikosee katika kujigawa. Ushahidi mmoja wa jambo hili ulitafutwa hapa Tanzania. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa wilaya ya Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini ili malaria ipungue, na watafiti wakahesabu kama saratani ya taya ingepungua pia. Ilipungua. Lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa, kisha vimelea vikaanza kuizoea dawa, kwa hiyo watafiti hawakuthubutu kusema jambo limethibitika. Nawaheshimu kwa hilo. Na waliwezaje kujua kwamba upungufu ulianza kabla ya dawa? Kwa sababu wagonjwa wa wilaya hiyo, wakiwemo waliotibiwa katika hospitali ya misheni ya Shirati, walikuwa wakiandikwa kwa uangalifu tangu 1964. Bila kumbukumbu hizo mradi mzima ungeishia kwenye hitimisho la uongo lenye sura nzuri.

Tangu hapo utafiti wa saratani hii nchini umeendelea kuelekea Ziwa Victoria. Ule mkubwa wa EMBLEM, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kati ya 2010 na 2016, kwa upande wetu ulishughulikia mikoa ya kaskazini karibu na ziwa hilo. Siulaumu, maana ulikwenda palipokuwa na hospitali na kumbukumbu. Lakini hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Hesabu za saratani nchini zimejengwa zaidi kuzunguka hospitali kubwa, na hospitali humhesabu aliyefika. Mtoto wa Mtowisa, kule bondeni, aliyefariki nyumbani hayumo katika hesabu ya Mbeya wala ya Dar es Salaam. Mpangaji akifungua takwimu akaukuta mkoa una wagonjwa wachache, anaamini ugonjwa ni mchache na kupeleka dawa kwingine, kwa hiyo mwaka unaofuata wanaofika huwa wachache zaidi. Tunaadhibiwa kwa umbali wetu, kisha adhabu hiyo inatumika kuthibitisha kwamba hatuna shida.

Wapo watakaosema kuhesabu ni anasa, na kwamba mkoa wenye malaria na vifo vya wajawazito uanze kwanza na tiba. Pingamizi hili lina uzito, na lingekuwa na uzito zaidi kama daftari na tiba vingekuwa vitu viwili mbalimbali. Tumwangalie mtoto wa miaka sita kutoka bondeni. Gego moja linalegea. Mama anadhani ni jino la utoto linataka kutoka, na ndivyo anavyodhani pia anayeling'oa. Siku chache baadaye fizi imejaa, shavu limevimba upande mmoja bila homa na bila usaha, na jicho la upande huo linaanza kusukumwa nje. Mtoto anapewa dawa ya jipu, na huenda kitabu cha zahanati kikasema jipu. Uvimbe huu, uleule wa Burkitt, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kukua haraka kuliko huo. Lakini ndio pia unaoyeyuka upesi ukipata dawa. Haudai upasuaji mkubwa wala mionzi. Unadai kinyama kikatwe na kupimwa, dripu ya kulinda figo, na dawa kama saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, ambazo ni za zamani na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Katika nchi tajiri watoto takriban tisa kati ya kumi hupona. Katika hospitali za Afrika zilizojipanga hupona nusu au zaidi kidogo, na wengi wanaopotea ni waliochelewa au waliokatisha matibabu. Daftari linalomtaka tabibu wa Muze aandike "uvimbe wa taya, jino limelegea, hakuna usaha" linamfundisha dalili kwa kumtaka tu azitafute. Kuhesabu kwa namna hiyo ni tiba iliyoanza.

Kwa watu wazima pingamizi ni gumu zaidi, na sitaki kulirahisisha. Saratani ya ulimi, ya koo au ya kisanduku cha sauti haiyeyuki kwa dripu. Inataka upasuaji wa kitaalamu au mionzi, na mionzi hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki sita au saba. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa mahali pekee nchini palipotoa tiba hiyo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Mkulima wa Laela akiambiwa akae Dar es Salaam kwa wiki saba, halipi nauli tu, analipa msimu mzima. Kuna faida gani basi kuandika jina lake mapema? Faida ni kwamba urefu wa safari hiyo hutegemea siku ya kuianza. Tafiti za Hospitali ya Muhimbili na Ocean Road zimeonyesha mara kwa mara kuwa wengi wenye saratani hizi hufika zikiwa hatua ya tatu au ya nne. Kidonda cha ulimi kikipatikana kikiwa kidogo huweza kuondolewa kwa upasuaji peke yake. Kikishashuka kwenye tezi za shingo, mgonjwa huyohuyo anahitaji upasuaji, mionzi na dawa kwa pamoja, na uwezekano wa kupona umepungua sana. Kidonda cha kinywa kisichopona wiki tatu, sauti iliyokwama bila mafua, tezi ya shingo ngumu isiyouma: haya huonekana kwa macho na kupapaswa kwa vidole katika zahanati yoyote, hata umeme ukiwa umekatika. Mkoa ambao haujui una wagonjwa wangapi wa namna hii hauwezi kudai fedha za nauli na malazi yao, wala kuomba daktari wa upasuaji wa kinywa au wa koo aje kliniki kwa zamu, kwa sababu hauna idadi ya kumwitia.

Liko pia pingamizi la uganga, na Sumbawanga imesemwa vya kutosha juu yake. Wenye kulitaja hudhani linamaliza mjadala: watu huanza kwa mganga, basi kuhesabu kutashindwa. Mimi naona linaelekeza mahali pa kuanzia. Mganga wa jadi na mng'oa meno wa mtaani humwona mgonjwa wiki nyingi kabla ya tabibu, kwa hiyo waelezwe dalili zilezile tatu au nne na waombwe kumpeleka mgonjwa zahanati, bila kutishwa na bila kudharauliwa. Burkitt aliwauliza wamisionari na madaktari wa vijijini waliomzidi kwa kujua maeneo yao. Sisi tuna watu wanaozidi hata hao kwa kujua ni nyumba ipi ina mgonjwa.

Pingamizi ninalolijali kuliko yote ni la haki. Vinyama vilivyomwezesha Epstein kugundua kirusi vilitoka kwa watoto wa Uganda, vikasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, na jina lililobaki duniani si la mtoto hata mmoja. Anayeogopa Rukwa isigeuzwe shamba la kuvuna sampuli ana haki ya kuogopa. Jibu lake ni masharti, tena yaandikwe kabla ya jina la kwanza. Daftari libaki Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, majina yasitoke nje, na utafiti wowote utakaolitumia upite kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ina kituo Mbeya. Na kila anayeandikwa awe na tarehe ya miadi mbele ya jina lake, kwa maana kumwandika mtu bila kumtafutia matibabu ni kumnyang'anya.

Halmashauri ni nne, Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga vijijini, Nkasi na Kalambo, na kila moja huandaa Mpango Kabambe wa Afya kila mwaka. Kinachohitajika humo ni kifungu kimoja: mafunzo ya siku mbili kwa matabibu na wahudumu wa meno, chupa za formalini za kuhifadhia vinyama, nauli ya kuvifikisha maabara ya patholojia, simu ya kumfuatilia mgonjwa, na mtu mmoja hospitali ya mkoa mwenye kazi ya kulijaza daftari. Safu moja nisingekubali iachwe wazi: kijiji alikozaliwa mgonjwa na alikokaa miaka mitano ya mwisho. Wafugaji na wakulima wa Rukwa hupanda na kushuka ukuta ule kila msimu, na mtoto aliyepokelewa mjini kwenye baridi huenda aliumwa na mbu bondeni, Ilemba. Bila safu hiyo tutapata jumla ya mkoa, lakini hatutajua kama mpaka aliouchora Burkitt bado uko pale ulipokuwa mwaka 1961, au kama joto linaloongezeka limeanza kuusogeza kuja uwandani.