Vitesi ikikataa kuingia

Mwezi huu tunarudi ku mambo ya motokari, kwa sababu ya jambo lililomfikia jirani yangu hapa Likasi.

Iko na kamyoneti ya zamani. Ile njo inaleta makala kutoka pori, ile njo inalipa minervali ya watoto. Asubuhi moja ya mvua anawasha moteri, anakanyaga ambrayaji, anasukuma levye: krrr! Vitesi haingii. Akaita fundi wa barabarani. Fundi hakuangalia sana, akasema: « Baba, bwati imekufa. » Siku mbili walilala chini ya motokari, wakatoa bwati, wakafunga ingine ya kununua. Feza ya masomo yote ikaishia humo. Kuwasha tena: krrr! Ugonjwa ni ule ule. Mwishoni tukakuta nini? Bokali ya mafuta ya freni, ambayo inalisha ambrayaji pia, ilikuwa imeshuka sana, na kampira kamoja ka pompi ya chini kalikuwa kanavuja. Kampira! Bwati ya kwanza ilikuwa nzima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbele ya kumuachia mtu afungue bwati yako, fanya jaribio moja. Halina bei. Simamisha motokari mahali pa sawa, vuta freni ya mukono, zima moteri. Ingiza vitesi moja moja, ya kwanza mpaka ya nyuma. Moja ikikataa, toa freni, sukuma motokari kidogo, ujaribu tena: pengine meno yamekutana uso kwa uso. Kama zote zinaingia muzuri moteri ikiwa imezimwa, halafu ukiwasha zinakataa, usishitaki bwati. Shida iko ku ambrayaji: unakanyaga, lakini haiachanishi moteri na bwati, na meno ya ndani yanaendelea kuzunguka.

Kama zinakataa hata moteri ikiwa imezimwa, fuata kwanza vyuma ao kable zinazotoka ku levye kwenda ku bwati. Vumbi letu jekundu na matope vinakula viungo vyake. Kiungo kikitoka, levye inacheza bure kama kijiko mu kikombe, na kukirudisha ni kazi ndogo. Lakini kama ni vitesi moja tu inayolia ukitembea, tuseme ya pili, na zingine zinakwenda muzuri, hapo kweli bwati yenyewe inagonjwa.

Turudi ku ambrayaji, maana ndiyo inadanganya watu wengi. Angalia kwanza chini ya pedali. Usicheke: tapi iliyokunjwa inatosha kuizuia isifike mwisho. Pedali ikishuka laini bila nguvu, ao kable imekatika, ao mafuta yamepotea. Ipige upesi mara tatu, ine. Kama inapanda na vitesi inaingia, kuko hewa mu tiyo. Motokari iliyolala muda mrefu wakati wa mvua inaweza kuwa na diski iliyoshikwa na kutu. Hiyo ni ya fundi.

Sasa sikilizeni muzuri, baba na mama. Mu motokari nyingi freni na ambrayaji vinakunywa mu bokali moja, na tiyo ya ambrayaji imefungwa juu zaidi. Mafuta yakishuka, ambrayaji inalia mbele, freni inafuata. Vitesi iliyokataa asubuhi inaweza kuwa habari ya freni ya jioni. Hapana kupakia watu mbele ya kujua mafuta yanatokea wapi.

Na hapana kujaza kitu kingine. Mafuta ya moteri yanavimbisha mpira. Maji ya sabuni yanachemka na kuleta kutu. Soma kifuniko cha bokali: DOT 3 ao DOT 4. Ununue kachupa kasichofunguliwa bado, kwa sababu mafuta haya yanavuta maji ya hewani.

Vijana wengine wanajua kuwasha moteri na vitesi ya kwanza ikiwa ndani, ili wafike nyumbani. Inawezekana, lakini motokari inaruka palepale unapozungusha ufunguo. Mu lupango watoto wanamochezea, hapana kabisa.

Jirani yangu amempa kijana wake kazi ya kila siku ya posho: kufungua kapo, kufuta vumbi ku bokali na kuangalia mustari. Juzi mtoto alikuja kwangu mbio: mafuta yameshuka kidole kimoja, na ambrayaji ilikuwa bado inafanya kazi muzuri. Tukalala chini wote watatu na toshi. Ku pompi hakukuwa kitu. Ku gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kulikuwa na unyevu ndani ya rimu.