Nguo "Asilia" na Pamba Iliyozifuma

Nguo zinazonadiwa kuwa hazidhuru mazingira zinazidi kupendwa, hasa na vijana wa vyuoni. Hamu hiyo ni njema. Linalotutia shaka ni wepesi wa kuliita "asilia" kila shati lenye rangi ya udongo.

Lugha yetu ina istilahi iliyo wazi zaidi: kilimo hai, ambayo tangu 2007 ndiyo alama ya mazao ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Kilimo hicho hakiruhusu mbolea za viwandani, wala mbegu zilizobadilishwa jeni. Wakulima wa Meatu, Tanzania, wamekuza pamba hiyo tangu miaka ya 1990. Kenya, kwa upande wake, iliidhinisha pamba ya Bt mwaka 2019, mbegu iliyobadilishwa jeni ili ihimili funza wa vitumba. Hatumlaumu mkulima anayeipanda. Funza hao humla jasho lake. Hata hivyo, shati lililofumwa kwa pamba hiyo si zao la kilimo hai, hata lebo yake ikipambwa kwa jani la kijani.

Na mitumba je? Kwa maoni yetu, shati la Gikomba linalovaliwa hadi lichakae linastahili sifa kuliko jipya linalonunuliwa kwa maringo ya kujali mazingira. (Wauzaji wa lebo hawatapenda kusikia hayo.)

Basi anayetuuzia nguo "asilia" na aulizwe: pamba yake ilikuzwa wapi, na kwa mbegu gani?