Marejeo ya Zebaki Yatenganishwe

Kurasa za mwisho za mwongozo wa afya, zile zenye orodha ya marejeo, hazina wasomaji wengi. Mhudumu wa zahanati iliyo jirani na makarasha ya dhahabu huzifungua siku anapofikiwa na mchomaji wa dhahabu ambaye mikono yake inatetemeka, naye anataka kujua maelezo aliyoyasoma yametoka wapi. Siku hiyo mpangilio wa orodha huwa sehemu ya tiba.

Ugonjwa uliotambuliwa rasmi huko Minamata, Japani, mwaka 1956 ulitokana na methili-zebaki iliyokuwa ndani ya samaki walioliwa. Sumu hiyo hupimwa katika damu au nywele. Mchomaji wa Geita hakuila sumu yake. Aliivuta kama mvuke alipochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, na kipimo kinachomfaa zaidi ni mkojo. Katika orodha moja iliyopangwa kwa alfabeti, tafiti za samaki wa Japani na utafiti wa afya ya wachimbaji wa Rwamagasa, uliochapishwa mwaka 2010, hukaa bega kwa bega kana kwamba zinamhusu mgonjwa mmoja. Mwenye haraka huokota rejeo lisilo lake, akachukua sampuli isiyofaa, na mgonjwa akarudi mwaloni akiamini kuwa hana neno.

Kwa hiyo orodha igawanywe: mvuke wa zebaki peke yake, methili-zebaki peke yake, sheria na mikataba peke yake, ukiwemo Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Wapo watakaopendelea kugawa kwa mikoa. Hapo kuna mtego. Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na tafiti za Rwamagasa zilifanyika kabla ya hapo. Atakayezitafuta chini ya kichwa cha Geita huenda asizione, nazo zimelala chini ya Mwanza. Sumu haihami mkoa mipaka inapobadilishwa.

Kwa wanaopanga kurasa kwa LaTeX, kazi yenyewe si kubwa. Kifurushi cha biblatex humruhusu mhariri kulipa kila rejeo neno la utambulisho, kisha kuchapa orodha mara kadhaa, kila mara kwa neno moja na kichwa chake. Tatizo liko kwenye namba. Kitabu kikikatwa vipande vinavyojitegemea, kila kipande huanza tena na 1, na rejeo namba 3 huwa mambo mawili tofauti; katika maandishi ya dozi na vipimo, hilo halivumiliki. Namba ziendelee kutoka sehemu hadi sehemu. Aidha, rejeo lililosahauliwa kupewa neno halitatokea popote, ingawa namba yake imo ndani ya matini, na makosa ya namna hiyo hayaonekani mpaka mtu alitafute. Mhariri aweke sehemu ya mwisho ya kukusanya yote yasiyo na neno, aikague, na aifute ikiwa tupu.

Imebaki sehemu moja ambayo wahariri wengi hawaifikirii: maandishi ya Kiswahili ambayo mchimbaji na mkewe wanaweza kuyasoma wenyewe nyumbani. Hata yakiwa mawili tu, yatangulie mengine yote.