Mlinzi wa kompyuta ya nyumbani



Katika nyumba nyingi kompyuta ni moja tu ya wote. Mtoto wa chuo anaandikia TFC yake, wadogo wanatazama filamu, mama anawekea hesabu za AVEC. Na kila flashi inayochomekwa humo imepita kwanza kwenye sekretaria ya barabarani, pamoja na flashi za watu wengine wengi.

Hiyo ni njia mojawapo ya programu za upelelezi kuingia. Hazivunji kitu, kompyuta inaendelea kufanya kazi, pengine nzito kidogo. Lakini nyingine zinaandika kila herufi mnayobonyeza, hata neno la siri, na intaneti ikiwashwa zinapeleka yote kwa mtu msiyemjua.

Programu ya kuzizuia ni kama mlinzi mlangoni. Ana orodha ya wezi wanaojulikana, na kila faili inayoingia anailinganisha nayo. Anatazama pia mwenendo: programu ya muziki inatafuta nini kwenye maneno ya siri? Akishuku, anaifungia pembeni isifanye kazi, halafu anawajulisha.

Kompyuta yenye Windows 10 au 11 tayari ina mlinzi huyo, Microsoft Defender, bila kulipa hata franka moja. Ila orodha yake inazeeka. Kompyuta iliyokaa miezi 3 bila intaneti ina mlinzi anayejua wezi wa zamani tu. Basi mega za wiki zianze na kusasisha, kisha filamu. (Najua watoto watapinga.)

Linaloniudhi ni hili. Kijana anakuja kuwawekea programu ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli, na neno lake la kwanza ni: "Mama, tuzime antivirusi, inasumbua." Msikubali! Ndani ya programu za namna hiyo ndimo wezi wanapenda kujificha. Kwa barua na hesabu kuna LibreOffice, ya bure kwa haki, isiyo na kufuli ya kuvunja.

Na namba ya siri ya pesa ya simu isiandikwe kamwe kwenye kompyuta ya wote, hata kama mlinzi yuko macho.

Flashi ikitoka sekretaria, msifungue faili yoyote kwanza. Bonyezeni alama yake kwa kitufe cha kuume cha panya, mchague "Analyser avec Microsoft Defender", na mngoje imalize.