Tarawehe ilijaa hadi barabarani, Alfajiri tuko tisa

Jumapili iliyopita, baada ya swala ya Isha, tulikaa kikao cha kamati ya msikiti wetu wa mtaani hapa Mombasa. Ajenda ilikuwa ni matayarisho ya Ramadhani ijayo, ingawa ile iliyopita haijatimiza hata miezi mitatu tangu ituage. Mambo manne tuliyapitisha haraka: hafidhi kutoka nje wa kutuswalisha tarawehe, pamoja na nauli yake, malazi na zawadi, spika mpya, turubai la kufunika uwanja, na mazulia ya kuongeza pale nje. La tano lilikuwa malipo ya muadhini wetu, mzee ambaye kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, huufungua msikiti kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Hilo tukasema tutalitazama kikao kijacho. Nami nilikuwa miongoni mwa walionyanyua mikono.

Tulipokuwa tukitoka nilimkuta anafunga madirisha.

"Shikamoo, ami. Mbona hukukaa nasi kikaoni?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nalala mapema. Je, kesho Alfajiri tutakuwa watu wangapi?"

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, zilikuwa zimepita siku nyingi sijahudhuria. Asubuhi yake nilikwenda, kwa haya zaidi kuliko kwa uchaji Mungu. Tulikuwa tisa, imamu na muadhini wakiwemo. Ni msikiti huu huu ambao usiku wa mwezi ishirini na saba watu walitandika mikeka mpaka barabarani, na pikipiki zikakosa pa kupita.

Ndugu zangu, nataka tulizungumze hili bila kunyoosheana vidole, maana kidole cha kwanza kitanielekea mimi.

Tuanze na hesabu ambayo kila aliyepita chuoni anaijua. Swala za faradhi zinazoangukia gizani ni tatu: Magharibi rakaa 3, Isha rakaa 4 na Alfajiri rakaa 2. Jumla ni rakaa 9. Zilizobaki zote, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni sunna: kabliya na baadiya, witri, tarawehe ya Ramadhani, na tahajudi ya mtu aliyelala kisha akaamka. Witri kwetu ni sunna iliyotiliwa mkazo, uchache wake rakaa 1 na wingi wake 11. Majirani zetu wa madhehebu ya Hanafi, ambao misikiti yao iko hapa hapa mjini, wao huiita wajibu na huiswali rakaa 3 kwa salamu moja. Hata hivyo, nao hawaihesabu pamoja na zile faradhi tano.

Kisa cha bedui aliyemjia Mtume (S.A.W) kutoka Najdi akiwa na nywele timutimu tumekisikia mara nyingi. Aliuliza ni swala zipi zilizo juu yake, akaambiwa ni tano usiku na mchana. Akauliza kama kuna nyingine, akajibiwa hapana, ila akipenda kujitolea. Huyo bwana akaondoka akiapa kwamba hatazidisha wala hatapunguza, na Mtume akasema amefaulu ikiwa amesema kweli. Mtu huyu hakuahidi hata rakaa moja ya tarawehe.

Sisemi haya kuidharau tarawehe. Kisimamo cha usiku kina heshima yake tangu mwanzo wa Uislamu. Sura ya Muzzammil iliamrisha kusimama usiku, na Bibi Aisha amesimulia kwamba Waislamu wa mwanzo walisimama kwa muda wa mwaka hivi mpaka miguu ikavimba, kisha Mwenyezi Mungu akaleta tahafifu mwishoni mwa sura hiyo hiyo, ikawa ni hiari. Ramadhani Mtume alitoka akaswali msikitini na watu wakamfuata nyuma. Habari ikaenea, kila usiku watu wakazidi, mpaka msikiti ukashindwa kuwachukua. Hapo hakuwatokea tena mpaka Alfajiri, akawaeleza kuwa alichelea wasije wakafaradhishiwa wakashindwa. Ni Seyyidna Umar ndiye baadaye aliyewakusanya nyuma ya Ubayy bin Ka'b, baada ya kuwakuta wanaswali makundi makundi msikitini.

Kila nikisoma kisa hicho huona mambo mawili. Kwanza, Mtume mwenyewe aliilinda mipaka baina ya faradhi na hiari, na aliilinda kwa kutotoka chumbani mwake. Pili, usiku ule ambao hakutoka kwa tarawehe, alitoka kwa Alfajiri. Sisi mpaka huu tumeugeuza bila kukusudia. Tunabishana kama ni rakaa 8 au 20 mpaka watu wanahama misikiti na majirani hawaamkiani, lakini sijawahi kusikia ugomvi mtaani petu kuhusu safu ya Alfajiri iliyo tupu. Hakuna anayehamaki kwa hilo.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, vijana wetu walijaa kuanzia saa saba za usiku. Walilia kwenye dua, na mimi nililia pamoja nao. Kisha wakaenda kula daku, na adhana ya Alfajiri ilipolia wengi walikuwa wamekwisha kulala. Imamu Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Seyyidna Umar alimkosa Sulayman bin Abi Hathma kwenye swala ya Subhi. Alipokwenda sokoni akapita kwa mama yake, Bibi Shifaa, akamuuliza. Mama akasema kijana alikesha akiswali, kisha usingizi ukamshinda. Umar akasema kwamba kwake yeye, kuihudhuria Subhi kwa jamaa kunapendeza zaidi kuliko kusimama usiku kucha. Na iko hadithi katika Sahihi Muslim inayotoa hesabu yenyewe: aliyeswali Isha kwa jamaa ni kama aliyesimama nusu ya usiku, na aliyeswali Subhi kwa jamaa ni kama aliyeswali usiku mzima. Maana yake kile tunachokitafuta kwa hafidhi wa nauli na malazi, tunacho mlangoni petu mara 365 kwa mwaka, na anayetufungulia mlango ndiye tuliyemuahirisha.

Tumewahi kunyang'anywa jambo hili, tukalijua thamani yake. Ndugu zetu wa Lamu wanakumbuka Julai 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, pale kafyu ya usiku ilipowekwa katikati ya Ramadhani. Isha, tarawehe na Alfajiri zote zikarudi majumbani. Sisi wa Mombasa zamu yetu ilikuja 2020. Kuanzia Machi 27 kafyu ilianza saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, misikiti ikafungwa, na Mei 6, Ramadhani ikiwa ndani, Mji wa Kale ukafungwa usiingike wala usitokeke. Nyumbani kwangu niliswalisha watoto na mama yao sebuleni, kwa sura fupi nilizohifadhi chuoni. Siku misikiti ilipofunguliwa tena tuliapa hatutaiacha. Leo hakuna polisi kwenye kona wala barakoa mlangoni, na tuko tisa.

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema tarawehe ndiyo inayowaleta watu, tusiwavunje moyo. Kweli, na mlango huo tusiufunge. Lakini mtu aliyekuja siku thelathini akarudi nyumbani bila yeyote kumuuliza hali yake mwezi wa Mfungo Mosi, tulimpokea kama mgeni wa harusi.

Wengine watasema hali si salama. Hili nalikubali kabisa. Vijana wa mapanga wamewahi kuwatia watu hofu Kisauni na Likoni, na mzazi wa kijana wa miaka kumi na saba ana sababu mbili za kumzuia asitoke saa kumi na moja alfajiri: wahuni, na askari wa doria asiyetofautisha mwenye kanzu na mwenye panga. Wengine wako kazini, bandarini kwa zamu, mahotelini, au juu ya bodaboda. Fiqhi inawajua watu hawa. Hofu ni udhuru, na swala yao nyumbani au kazini ni sahihi. Kina mama pia hawadaiwi safu hiyo, ingawa wengi wao ndio wanaotuamsha.

Ila udhuru wa mmoja ndio unaomzidishia mwingine mzigo. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, swala ya jamaa ni faradhi kifaya: wakiisimamisha watu kiasi cha kuonekana mtaani, wengine wameokoka, na isiposimamishwa kabisa mtaa mzima una dhambi. Basi hesabuni wenyewe. Wale tisa ndio wanaotubebea deni letu sote, na wa kwanza wao ni mzee mwenye ufunguo. Siku akiugua au akichoka kungoja kikao kijacho, deni litabisha hodi kwenye kila nyumba, pamoja na nyumba za wanakamati.

Nina mapendekezo, na hayahitaji fedha nyingi. Bajeti ya msikiti ianze na muadhini na imamu wa swala tano, kisha ndipo tuzungumze habari ya mgeni. Hafidhi tumtafute kwanza miongoni mwa vijana wetu wenyewe. Wapo waliohifadhi, na aliyeswalisha tarawehe mtaani kwake ataona haya kukosa Alfajiri pale pale. Nyumba tatu au nne za uchochoro mmoja zikubaliane kutoka pamoja, na taa ya njiani tuitengeneze kwa mchango wetu badala ya kuilalamikia kaunti kila mwaka. Na kwa anayetaka fungu lake la usiku lakini anachelea usingizi, Mtume alimuusia Abu Hurayra aswali witri kabla ya kulala. Isha kwa jamaa, rakaa moja ya witri, kisha kitanda. Baraza na simu vingoje kesho.

Kikao kijacho ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nimemwomba katibu aiandike ajenda ya muadhini iwe ya kwanza, naye amekubali kwa kuguna. Alfajiri ya leo tulikuwa kumi na mmoja. Ami alitutazama baada ya salamu, akahesabu kwa macho, asiseme kitu. Alichukua ufagio wake akaanza kufagia barazani.