Jina la Tovuti ya Hospitali Lisiachwe Mikononi mwa Mtu Mmoja
Jina la tovuti halinunuliwi; hukodiwa, na kwa majina yanayoishia na .org au .com muda hauzidi miaka 10 kwa mara moja. Ada isipolipwa na msajili akalifuta, zipo siku 30 za kulikomboa. Zikipita, siku 5 baadaye yeyote aweza kulichukua. Kwa duka hiyo ni hasara tu. Kwa hospitali ni hatari, kwa maana anwani iliyochapwa kwenye kadi ya kliniki haifutiki: mama mjamzito ataifuata hadi kwa muuza dawa bandia, akiamini yuko kwa daktari wake. Hata barua pepe za wagonjwa zaweza kumfikia mmiliki mpya. Na ukumbusho? Mara nyingi hutumwa kwa mtaalamu wa kompyuta aliyekwisha kuhama. Ada hii naona ilipwe na uhasibu, pamoja na umeme na maji.